Kanzu Yangu na Kisasi cha Warumi

Leo ni siku ya tisa kanzu yangu iko kwenye beseni. Imepitia sabuni ya mche, imepitia sabuni ya unga, imepitia ndimu na chumvi kwa maelekezo ya shangazi aliyepigiwa simu usiku, na juzi mke wangu akaimiminia jiki kwa hasira, hasira yenyewe akinielekezea mimi. Doa la kifuani lilikuwa jekundu, sasa limekuwa pinki. Dobi wetu aliitwa kutoa ushauri. Hakuvuka hata kizingiti. Aliitazama kwa mbali kama mtu anayetazama ajali ya basi, akasema, "Mzee, hii ifanye ya kulalia."

Ni kanzu ya melimeli, nimeishonesha kwa ajili ya Idi. Nimeivaa mara mbili tu: siku ya Idi, na siku niliyonyongwa.

Chanzo ni mpwa wangu. Anasoma sanaa za maonyesho chuoni, na likizo hii alikuja kwangu na begi la nguo chafu na tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri mwenyewe kwenye kauntabuku. Kusikia Shakespeare nikafurahi. Sisi wa rika langu tumemjua kupitia kwa Mwalimu Nyerere, aliyetutafsiria Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Katikati hapo S. S. Mushi naye akatuletea Makbeth. Kaizari anachomwa visu, sikatai, lakini wanaomchoma ni watu wazima, wana sababu zao, na wakimaliza wanahutubia. Nikajua tutapata hotuba.

"Hii inaitwa Titus Andronicus, Mjomba. Ina vifo 14."

"Vya vitani?"

"Vya nyumbani. Vya vitani viliisha kabla pazia halijafunguliwa."

Titus ni jemadari wa Roma. Amezaa watoto wa kiume 25, na anaporudi kutoka kupigana na Wagothi waliobaki hai ni wanne. Mtu wa kawaida angeoga akalala. Yeye anamtoa kafara mtoto wa kwanza wa Tamora, malkia wa Wagothi aliyemteka, ati kutuliza roho za wanawe waliokufa. Mama wa watu anapiga magoti analia, hasikilizwi. Haujapita muda anamuua na mwanawe mwenyewe, Mutius, kwa kumzuia njia. Wanne wamekuwa watatu na watazamaji hatujakaa vizuri kwenye viti. Kaizari mpya, Saturninus, anamtupia jicho huyo Tamora, anampenda, anamwoa. Yaani mfungwa wa asubuhi ni mke wa kaizari ifikapo jioni, na ana deni la kudai. Hapo sasa kisasi kinapata ofisi na muhuri.

Yanayompata Lavinia, binti wa Titus, mikononi mwa wana wawili wa Tamora siyafanyii mzaha, nitayagusa baadaye. Nirukie mwisho. Titus anavaa kama mpishi, anamkaribisha kaizari na mkewe chakulani, anawaandalia pai. Ndani ya pai ni wale wana wawili wa Tamora. Mama anakula.

Wakati mpwa anafika hapo, mke wangu alikuwa ametuletea chai na sahani ya sambusa. Nikachukua moja, nikaikagua pembe zote tatu, nikairudisha. Mke wangu aliniona. Huyo naye ana kumbukumbu za Tamora: tangu siku ile kila akikaanga sambusa ananiuliza kama nataka kumjua ng'ombe kwa jina.

Mpwa akanifariji kwamba Shakespeare hakulibuni jambo hili. Seneca, mwalimu wa Nero, alishaandika Thyestes, ambamo mtu anamlisha ndugu yake nyama ya watoto wa huyohuyo ndugu. Kwa mpwa wangu hiyo ilikuwa habari ya kufariji.

Akataka tuiigize hapohapo uani kwangu. Wahusika ni wengi kuliko vijana wa mtaani kwetu wanaoweza kukaa bila simu kwa saa mbili, kwa hiyo wazee nasi tuliguswa. Mke wangu aliombwa awe Tamora, akakataa. Akaombwa aazime mashuka, akakataa kwa sauti ya Tamora kabisa. Mimi nikapewa mtu wa njiwa.

Katika maandishi anaitwa mchekeshaji, lakini ni mtu wa kawaida tu anayekwenda mjini na kikapu chenye njiwa wawili kushughulikia ugomvi wa mjomba wake na mtu mmoja wa kaizari. Njiani anakutana na Titus, ambaye akili zimeshayumba na anawarushia miungu barua kwa mishale. Titus anamkabidhi barua ampelekee kaizari. Anaipeleka. Kaizari anaisoma, anaamuru anyongwe. Basi. Hakuua mtu, hakulipiza chochote, barua hakuiandika wala hakuisoma. Kati ya wakubwa wote waliokosana humo ndani, huyu peke yake ndiye mwenye shida ninayoifahamu: kesi ya mjomba, na njiwa wawili, nadhani wa kulainishia mambo. Niliipokea nafasi hiyo kwa moyo mmoja kwa sababu maneno yake ni machache, na kunyongwa hakutoi damu.

Kisha mpwa akasema nivae kanzu ya Idi. Nikamuuliza Mrumi na kanzu wapi na wapi. Akanifungulia kwenye simu mchoro wa zamani sana wenye jina la Henry Peacham, unaomwonyesha Tamora akipiga magoti mbele ya Titus. Titus amejitanda vazi la Kirumi, na askari nyuma yake wamevaa Kiingereza, mavazi ya enzi zao wenyewe. "Unaona, Mjomba? Hata wao walivaa kilichokuwepo." Kwangu kilichokuwepo kilikuwa kabatini, kimenyooshwa.

Sasa niseme habari ya damu. Mpwa alipika shira kwenye sufuria kubwa la mke wangu, siku ambayo mwenyewe amekwenda msibani, akatia rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ili isimeremete kama soda. Kwa macho ilikuwa damu hasa, hata mimi nilirudi hatua nyuma. Lakini shira ni shira. Onyesho letu lilikuwa saa kumi alasiri, uani, chini ya mwembe, kwa sababu taa hatuna. Mpwa akasema hata akina Shakespeare kwenye majumba yao yasiyo na paa walicheza mchana kweupe. Sijui wao sisimizi wao walikuwa wa namna gani.

Bassianus, mume wa Lavinia, anauawa mapema. Alitakiwa atupwe shimoni, lakini shimo hatuna, akalazwa chali kando ya shina la mwembe. Baada ya dakika tatu hivi marehemu akaanza kuchezesha vidole vya miguu. Kisha akajikuna shingo. Halafu akafufuka kabisa, akajipiga makofi mapajani, akatazama ndani ya suruali, akalala tena kwa staha akielekea upande mwingine. Watoto walimshangilia kuliko alipokuwa hai. Kuna na kipande, hakimo katika chapa za mwanzo ila kinaonekana kwenye kile kitabu kikubwa cha tamthilia za Shakespeare cha mwaka 1623, ambapo Marcus, nduguye Titus, anaua nzi mezani kwa kisu, na Titus anamgombeza akimlilia nzi na wazazi wake waliofiwa. Jioni ile Marcus alisimama na kisu hewani hajui amuue yupi.

Baada ya yote kwisha nilimkalia mpwa kooni. Nilitaka kujua kama huko kwa wenyewe nako watu wanaharibiwa nguo namna hii. Ndipo nilipogundua kwamba zaidi ya miaka 400 ya tamthilia hii jukwaani ni watu kubishana juu ya kufua.

Alikuwepo Edward Ravenscroft, mnamo miaka ya 1670 na 1680, aliyesema kazi hii ni lundo la takataka, akaitengeneza upya. Katika kuitengeneza akaongeza Tamora amuue mtoto wake mchanga, na baba wa mtoto ateswe na kuchomwa moto jukwaani. Mafundi wa namna hiyo nawafahamu. Mmoja alikuja kwangu kuziba bomba. Kisha Peter Brook, mwaka 1955 pale Stratford, Uingereza, na Laurence Olivier ndiye Titus, akaondoa damu kabisa. Lavinia, aliyechezwa na Vivien Leigh, alitoka na tepe nyekundu zikining'inia. Yukio Ninagawa wa Japani naye alifika Stratford mwaka 2006 na nyuzi nyekundu mahali pa damu. Hawa wawili nawapa heshima zangu zote. Utepe unakunjwa, unawekwa kwenye kopo la biskuti, unangoja onyesho lijalo.

Lakini mwaka huohuo wa 2006 Lucy Bailey akaiweka kwenye ukumbi wa Globe, London, damu chapachapa, na aliporudia mwaka 2014 magazeti yakawa yanaandika habari za watazamaji wanaozirai. Pale uani mwa Globe watu kama 700 hutazama wakiwa wamesimama, kwa hiyo mtu akizirai anakwenda chini kama gunia. Mpwa wangu alilisimulia hilo macho yakimng'aa. Kwetu hakuzirai mtu, na naamini limemuuma.

Aliyeniaibisha ni binti aliyecheza Lavinia. Anajifunza ushonaji, anajua thamani ya kitambaa. Alikataa katakata kupakwa shira. Akaja na mita tatu za utepe mwekundu kutoka kwenye mkoba wake. Mpwa akanuna, kisha akamkumbuka Brook, akajifanya lilikuwa wazo lake. Lavinia amenajisiwa, amekatwa mikono na ulimi ili asiwataje waliomtenda. Binti alitoka nyuma ya shuka polepole, utepe ukitoka kwenye viganja vilivyofungwa kitambaa na mwingine ukishuka kutoka mdomoni. Hakulia. Watoto waliokuwa wakimshangilia Bassianus walinyamaza. Muuza vitumbua aliacha kuhesabu chenji, akaishika tu mkononi. Baadaye Lavinia anashika fimbo kwa mdomo na kuyaandika majina mchangani, na kwetu mchanga upo, wa kweli. Yale majina yalikaa pale uani usiku kucha, hadi mke wangu alipoyafagia alfajiri.

Aaron alikuwa na malalamiko mengine. Huyu ni mtu mweusi, mpenzi wa siri wa Tamora, na mabaya mengi humo anayapanga yeye. Aliyemcheza ni konda wa daladala, kijana mwenye sauti. "Mzee," akaniambia wakati wa mazoezi, "natukanwa rangi kuanzia kituo cha kwanza mpaka gereji." Lakini akanionyesha jambo ambalo sikuliona. Titus anaua watoto wake wawili kwa mkono wake mwenyewe, kwa maana mwishoni Lavinia naye anamuua. Tamora, akizaa na Aaron mtoto mweusi, anaagiza auawe. Aaron peke yake ndiye anayechomoa upanga kumkinga mwanawe, na akikamatwa anaungama yote ili mtoto aachwe hai. Katikati ya karne ya 19 Ira Aldridge, mwigizaji mweusi aliyezaliwa New York na kupata jina Uingereza, aliliona hilo. Akishirikiana na C. A. Somerset aliigeuza tamthilia, akayatoa yanayompata Lavinia, Aaron akawa ndiye shujaa. Konda alitaka tucheze hiyo ya Aldridge. Mimi pia nilitaka, kwa sababu nyepesi zaidi, lakini mpwa alikuwa ameshapika shira.

Tuje kwenye kifo changu. Njiwa niliwaazima kwa jirani anayefuga, weupe wawili. Nikaingia na kikapu, nikasema maneno yangu yote na moja la ziada. Titus alikuwa ameshakatwa mkono mmoja, alidanganywa kwamba ungewaokoa wanawe, na ule uliobaki ulikuwa umeloa shira hadi kiwikoni. Kwa kuzama mno kwenye uhusika akamtoa njiwa mmoja kikapuni, akamshika shingoni, akambusu, akamrudisha. Hayo hayamo kwenye kauntabuku. Nikapeleka barua. Kaizari akaamuru ninyongwe, askari wakanivuta kwa bidii ambayo hatukukubaliana, kikapu kikaanguka. Njiwa mmoja alikimbilia chini ya benchi akakamatwa. Wa pili alipaa juu ya mwembe, akazunguka mara moja, akapotea.

Nilikuwa nyuma ya pazia nakunywa maji, safi, sina hata tone, nikijipongeza kwa kuchagua kifo cha busara. Ndipo mke wangu alipoingia akitokea msibani. Alilitambua shuka lake la kitandani begani kwa kaizari wa Roma. Hakusema neno, alilivuta tu. Kaizari akabaki na singlendi, na karamu ya pai inaanza baada ya dakika mbili.

Mpwa akanigeukia. "Mjomba, wewe si umeshakufa?"

Nikakubali kwamba nimekufa.

"Basi nipe kanzu."

Ningesemaje? Mantiki ilikuwa upande wake. Nikakaa nyuma ya pazia na msuli, nikachungulia kanzu yangu ikienda karamuni. Watu walikula pai, Titus akamuua Lavinia, akamchoma Tamora, kaizari akamchoma Titus, na Lucius, mwana pekee wa Titus aliyesalia, akamchoma kaizari. Lucius wetu ni fundi baiskeli, ana mkono mzito. Mpwa alikuwa amebakiza mfuko mzima wa nailoni wa shira kwa ajili ya kilele, umefungwa kifuani kwa kaizari. Uliposhindiliwa ulipasuka mpaka watu wa benchi la mbele wakajifunika kwa mikoba. Wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Walioondoka walinung'unikia urefu wa onyesho, hakuna aliyenung'unikia kanzu. Mpwa akasema nisijali, hata Johannesburg mwaka 1995, Gregory Doran na Antony Sher walipoicheza Market Theatre kwa lafudhi za Afrika Kusini, wapo waliolalamikia lafudhi.

Alipoona sijatulia akanitolea akiba yake ya mwisho. Mwaka 2019, Broadway, Taylor Mac alionyesha tamthilia iitwayo Gary, ambayo ni mwendelezo wa Titus. Pazia linafunguka pai imeshaliwa, maiti zimerundikwa, na wahusika ni watu wa usafi wenye kazi ya kuziandaa. Gary alichezwa na Nathan Lane. Na huyo Gary ni nani? Mtu wa njiwa! Ameponea kitanzi kwa kukubali kufanya usafi. Nilinyamaza kidogo. Nikasema huyo mwandishi ameshawahi kushika dekio kwa mkono wake. Halafu nikamwonyesha mpwa beseni. Kesho yake asubuhi alikumbuka kwamba chuo kinafungua mapema mwaka huu.

Amebaki jirani. Kwa njiwa aliyepotea alinidai shilingi elfu kumi na tano. Alikuwa jike, akasema, wa mbegu, na ameacha mume. Nililipa, maana nilikuwa bado nimevaa msuli na sina hadhi ya kubishana.

Leo asubuhi nilikuwa nabadilisha maji ya beseni. Nikasikia njiwa analia juu ya bati la jirani. Nikainua macho. Weupe wawili wamekaa bega kwa bega, na mmoja ana kola shingoni, ya pinki, pinki ileile iliyo kifuani mwa kanzu yangu. Jirani alikuwa amesimama chini yao anapiga mswaki.

"Habari za asubuhi, jirani. Kanzu imetakata?"

"Bado. Na njiwa, hajaonekana?"

Akatikisa kichwa kwa huzuni, povu mdomoni. "Hajaonekana, ndugu yangu. Nimeshakata tamaa."

Nikampa pole. Nikamkaribisha Ijumaa jioni aje tule sambusa, tusahau yaliyopita. Amefurahi, anakuja na mkewe. Nimeingia ndani kumwambia mama watoto, naye akauliza sambusa zenyewe ziwe za nyama gani, amwagize mtu sokoni mapema. Nimemwambia asiagize mtu. Aniambie tu ngazi aliiweka wapi.